Jibu: Bomba la DAWASA kutoa maji ya chumvi baada ya mgao

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, mgao ukiisha bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) pale uani linatoa maji ya chumvi kwa dakika kadhaa, na jirani naye analalamika. Hayo ni maji ya kisima chako yanarudi nyuma kwenye laini.

Pima kwanza siku maji yamekatika. Fungua bomba lililo karibu na mita. Likiwa kavu, washa pampu ya kisima. Yakitoka, laini mbili zimeungana mahali, mara nyingi kwenye T (kiungo cha mabomba matatu) yenye geti valvu tu, yaani koki ya kufungua na kufunga kwa mkono. Geti valvu iliyochakaa hupitisha maji hata ikifungwa, na ipo siku mtu atasahau kuifunga.

Cheki valvu, inayopitisha maji upande mmoja tu, ikiwekwa kwenye laini ya DAWASA inasaidia (mshale uelekee nyumbani), ila punje ya mchanga ikikwama ndani, inavuja na hutajua. Ningetenganisha kabisa: kila laini iingie tangini kwa juu, kivyake, mdomo wake ukae juu ya tundu la kufurikia. Bomba la nusu inchi liachie pengo la hewa la milimita 25 au zaidi. La inchi moja, 50. Fundi akiwa amelishusha hadi ndani ya maji ili lisipige kelele, likate. Presha ikishuka, linafyonza maji ya tangi.

Kwa sababu hiyo hiyo, mpira wa bustani nao usiachwe ndani ya pipa la maji.

Mwisho, ua vijidudu: tangi la lita 1,000 likiwa limejaa maji, litie lita 1.4 za klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, saa 12 bila kutumia, kisha mwaga na suuza.