Koch na Wanazareti wa Roma

Umeuliza kama mchoraji Joseph Anton Koch alikuwa mmoja wa Wanazareti, wale wachoraji wa Kijerumani wa Roma. Hapana, alikuwa rafiki yao tu, tena aliwazidi umri. Mzaliwa wa Tyrol, Austria, 1768. Alitoroka shule ya kijeshi ya Stuttgart, akafika Roma 1795. Aliyemjenga hasa kisanaa ni mchoraji Carstens. Huyo alipofariki 1798, Koch alichukua michoro yake ya Waagonauti, mabaharia mashujaa wa hekaya za Kigiriki, akaichora upya kwenye mabamba ya shaba, ikachapishwa 1799. Thorvaldsen, mchongaji sanamu wa Denmark, naye alikuwa sahibu yake. Wanazareti walipopamba kwa michoro Casino Massimo, jumba la kifahari la Roma, kuta za chumba cha mshairi Dante alipewa Koch. Mimi lakini nampendea milima: tazama picha yake ya maporomoko ya Schmadribach ya Uswisi, iko München.