Hesabu ya mwisho wa sataranji

SWALI: Ninaandika programu ya kutengeneza majedwali ya miisho ya sataranji (orodha za hali zote zenye kete chache ubaoni, pamoja na matokeo yake). Je, nihesabu hatua hadi mati (mfalme kufa), au hadi kete kuliwa au askari kusogezwa?

JIBU: Utengenezaji wenyewe huenda kinyumenyume: programu hutafuta kwanza hali zote ambazo mfalme amekwisha kufa, kisha hurudisha hatua moja moja hadi pasibaki hali mpya ya ushindi, na zilizosalia huwa sare. Kipimo ndicho chenye utata. Hesabu hadi mati huvutia, kwa kuwa hukuambia kwamba mfalme na ngome humuua mfalme pekee kwa hatua zisizozidi 16. Lakini haijali kanuni ya hatua 50 (zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare), hivyo inaweza kukuonyesha ushindi ambao mpinzani ana haki ya kuudai sare. Majedwali ya kete saba ya mwaka 2012, yaliyotengenezwa kwa kompyuta kuu ya Moscow iitwayo Lomonosov, yalitumia kipimo hicho na kufikia terabaiti 140 hivi, ilhali yale ya Syzygy, seti nyingine ya majedwali ya kete saba, yanayohesabu hadi kete kuliwa au askari kusogea, hayafiki hata 20.

Ningechagua hicho cha pili, ingawa kina kichekesho chake: ukikifuata kibubusa, programu yenye malkia na ngome dhidi ya mfalme mtupu inaweza kuitoa ngome iliwe bure, mradi tu hesabu ianze upya na malkia abaki kushinda.