Maswali ya Wasomaji: Priamplifaya ya Valvu, Pima Kabla ya Kubadili Chochote

Swali: Shikamoo mwalimu. Hapa Kirumba, Mwanza, kuna priamplifaya ya valvu, ile mashine inayokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, inauzwa, nyuma imeandikwa 120V, 60Hz. Muuzaji anaiwasha kwa transfoma ya kushushia umeme na mlio ni safi. Nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Jibu: Marahaba. Mlio wa dakika tano hauthibitishi kitu, kwa sababu kasoro nyingi za mashine hizi hujitokeza zikishapata moto. Omba iwake saa nzima. Transfoma yake ya ndani ilisukwa kwa umeme wa 60Hz (mizunguko 60 kwa sekunde), nasi Tanzania tuna 50Hz, hivyo itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Saa ikiisha, zima, chomoa plagi, gusa ganda la transfoma. Kiganja kikishindwa kutulia hapo, au ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua, achana nayo. Kapasita, vile vihifadhi chaji, hubadilishwa kwa bei ndogo. Transfoma kusukwa upya kwa vipimo vyake ni kazi nyingine kabisa.

Kingine unachoweza kupima bila kufungua boksi ni uvujaji wa umeme wa DC kwenye njia ya sauti. Weka multimita kwenye DC, ncha nyekundu katikati ya tundu la kutolea sauti, nyeusi kwenye pete yake. Baada ya dakika tano za kuwaka unatakiwa usome milivolti chache tu. Ukiona 0.1V au zaidi, kapasita ya kutolea inavuja. Hiyo si sababu ya kuikataa, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Ukishainunua, mwombe fundi apime filamenti, nyuzi zinazopasha valvu moto: zile za 6.3V zipate kati ya 5.7V na 6.9V. Transfoma yako ya kushushia ikitoa 110V badala ya 120V, filamenti zitapata kama 5.8V. Zitafanya kazi, na transfoma ya ndani itapumua.

Swali: Yangu inanguruma hata voliumu ikiwa sifuri. Nimenunua valvu mpya zote, hakuna nafuu. Msomaji, Nyakato.

Jibu: Pole sana. Pesa ya valvu ingetoka mwisho, si mwanzo. Chomoa kwanza nyaya zote za kuingizia sauti, ubakize ile inayokwenda kwenye amplifaya. Mngurumo ukikatika, ni mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeungana ethi kwa njia zaidi ya moja. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ethi kamwe, hata fundi akikuambia ndiyo dawa.

Usipokatika, sikiliza aina yake. Mngurumo mzito na laini ni 50Hz: nyaya za filamenti hazijasokotwa vizuri au zinapita karibu na gridi, ncha ya valvu inayopokea sauti. Kama filamenti hazina waya wa katikati unaokwenda ethi, funga rezista (vipinga umeme) mbili za 100Ω, moja kutoka kila upande kwenda kwenye chasisi, fremu ya chuma. Mngurumo wenye ukali, unaokwaruza, ni 100Hz, na hapo kapasita za kuchuja umeme zimekauka. Weka mpya zenye µF zilezile, volti zilezile au zaidi, za 105°C. Umeme wa AC ukinyooshwa kuwa DC na valvu ya 6X4, usiongeze ukubwa wa kapasita ya kwanza. Utaiua valvu hiyo.

Ndani kuna volti 250 hadi 300, na hubaki kwenye kapasita hata plagi ikichomolewa. Tumia rezista ya 10kΩ, wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa: shikilia kati ya chanya ya kapasita na chasisi kwa sekunde kumi, kisha pima mpaka usome chini ya 10V. Kuwasha mara ya kwanza baada ya matengenezo, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na waya wa moto. Ya LED haifai. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti.

Swali: Nikiunganisha CD, sauti inajaa kabla voliumu haijafika robo. Nimeshauriwa nitoe valvu ya 12AX7 niweke ya 6DJ8. Msomaji, Musoma.

Jibu: Usifanye hivyo. Pini za filamenti za 6DJ8 hazilingani na za 12AX7, na anodi yake, ncha inayopokea volti ya juu, haivumilii zaidi ya 130V. Hata 12AU7, inayoingia bila kubadili waya, hukuza mara 20 hivi badala ya 100, na kwenye sehemu ya santuri huharibu uwiano wa besi na sauti nyembamba.

Shida yako ni CD: hutoa 2V, na mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kupokea sehemu ya kumi ya hizo. Punguza mlangoni. Kwa kila upande weka rezista ya 22kΩ kwenye njia ya sauti, kisha 4.7kΩ kutoka hapo kwenda ethi. Hizo 2V zinabaki 0.35V, na voliumu inaanza kutumika kama inavyotakiwa.

Swali: Upande wa kushoto umefifia na unakatikakatika. Tunaishi karibu kabisa na ziwa, Ilemela.

Jibu: Ikiwa imezimwa na kupoa, badilishana valvu ya kushoto na ya kulia. Tatizo likihama, ni valvu. Lisipohama, shuku kutu: safisha pini kwa pombe ya isopropili, chomeka na kuchomoa mara tatu nne. Bado? Pima volti ya kathodi, ncha ya valvu inayotoa elektroni, ya pande zote mbili. Kwenye rezista ya 1.5kΩ, 1.5V ni miliampea moja. Tofauti ya zaidi ya asilimia kumi huweza kumaanisha rezista ya upande mmoja imebadilika thamani, mara nyingi ile ya 100kΩ ya anodi. Vijidudu vya ziwani hufuata mwanga na kufia kwenye soketi, kwa hiyo ifunike kitambaa kila usiku, ikishapoa.