Breka ya nyumbani haifai botini

SWALI: Mhariri, boti yangu ya uvuvi ina betri ya volti 12 na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti) yenye waya wa milimita mraba 2.5. Je, nifunge breka ya nyumbani ya ampea 32?

JIBU: La, ndugu msomaji. Umeme wa nyumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo ndipo cheche iliyo ndani ya breka huzimika. Wa betri haushuki, hivyo cheche yaweza kuendelea kuwaka hata breka ikishakata. Tafuta iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Isitoshe, breka hulinda kwanza waya: wako unatosheka na ampea 15, au pungufu kama pampu imeandikwa hivyo, ilhali kwa breka ya 32 waya huo unaweza kuungua kimya kimya nyuma ya mbao. Ifunge karibu kabisa na betri, kwani kipande cha waya kinachoitangulia hakina mlinzi.