Mwanangu, hiyo fasihi ya Marekani ni ya nani

Mwanangu, umeniuliza fasihi ya Marekani ni ya Wamarekani wenyewe au ya dunia nzima, maana profesa wenu kawagawa darasa mbishane. Mi nakuuliza kwanza, nani alilipia? Phillis Wheatley alifikishwa Boston mtumwa mwaka 1761, mtoto kabisa katolewa Afrika Magharibi, akatunga mashairi, Boston hakupata wa kumchapia, kitabu kikatokea London 1773. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, katoa habari za maisha yake 1845, ikabidi akimbilie Ireland na Uingereza asije akakamatwa, na marafiki wa huko ndo waliochanga pauni 150 wakamkomboa ili arudi kwao huru. Nimekwambia tangu uko fomu tuu, nchi inaandikwa na wale iliowafungia mlango.

Na huyo Douglass ndo aliniponza. Si unalijua lile sanduku la babu yako pale Korogwe, ndimo nilimokuta hotuba yake ya Rochester ya tarehe 5 Julai 1852, anawauliza waliomwalika sikukuu yenu ya uhuru inamhusu nini mtumwa. Nikaibeba shule nikaisoma darasani kwa sauti, mwalimu akanikatisha katikati, kaa chini, hayo ya Wamarekani sisi yanatuhusu nini. Mbele ya darasa zima! Mpaka leo damu inanichemka. Jioni babu yako akataka nimsomee yote, namtafsiria kidogo kidogo, katoka msikitini hata kanzu hajavua, nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu, "Na alifika nyumbani salama?" Haya niambie, hapo babu alikuwa anasikiliza mambo ya Wamarekani?

Ila Walt Whitman, yule mshairi, je? Yeye hakufungiwa mlango na mtu, yuko zake Brooklyn, 1855 katoa kitabu kwa hela yake mwenyewe, kaiimba nchi yake mpaka basi. Na James Baldwin, mwandishi mweusi wa New York, kahamia Paris 1948, kafika huko anaandika nini, mtaa wake wa Harlem! Kwa hiyo ni ya kwao? Ulimi unaniwasha hapa, lakini kaulizwa nani, mimi au wewe? Haya, nanyamaza.

Ila usimwache W.E.B. Du Bois, mwandishi mweusi wa Marekani, alifia Accra Agosti 1963 keshachukua uraia wa Ghana, siku moja tu kabla ya yale maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi, upande wowote watakaokupanga huyo anakufaa. Ukimaliza nirekodie ulivyojibu, chote, baba yako naye anataka kusikia.