Usianze na sururu

Mwenzetu wa Muyeye, umesema bili ya maji imepanda maradufu, ukuta wa jikoni umelowa kwa chini, na fundi anataka kuja kesho kuvunja sakafu. Mwambie asubiri kwanza. Mimi hapa Maweni nilivunjiwa jikoni lote, vigae vikaenda na maji, kumbe bomba limepasuka uani, hatua kumi kutoka pale tulipokuwa tukigonga tindo.

Ardhi yetu Malindi ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, na mchanga huo unakunywa. Maji yanaweza kuvuja miezi usione hata tope. Na ukuta uliolowa hauthibitishi kitu: unyevu hutembea, na pengine ni chumvi tu iliyomo kwenye mchanga uliojengewa. Anza na mita.

Usiku watu wakishalala, funga mifereji yote pamoja na koki ya kuingiza maji kwenye tangi, kisha andika namba za mita, hasa zile nyekundu, maana ndizo zinazohesabu lita. Asubuhi soma tena kabla mtu hajatawadha. Mimi niliandika saa nne usiku, nikasoma saa kumi na moja alfajiri: lita 180 zimekwenda, na hakuna aliyenawa hata mkono. Piga hesabu ya mwezi, kama maji hayakatiki: unit 18 na ushei (unit moja ni lita 1,000), unalipia mchanga unywe.

Mita ikiwa imetulia, basi ubovu uko baada ya tangi. Tumbukiza kijiti humo, utie alama maji yalipofika, ulale, asubuhi uone kama yameshuka. Na kabla ya kuchimba popote, tazama choo cha kuvuta. Jirani yangu alichimba mtaro mzima kwa sababu ya boya la choo lisilofunga sawasawa. Tia rangi kidogo kwenye tangi la choo, kaa robo saa. Rangi ikishuka bakulini bila mtu kuvuta, mwizi ni huyo.

Kwangu mita ilizunguka. Nikashika nondo, ncha moja ardhini na nyingine sikioni, nikafuata njia ya bomba saa nane za usiku. Mke wangu alidhani nimerogwa. Karibu na mwarobaini nikasikia mvumo kama wa kitu kinachokaangwa. Tulipochimba hapo tukakuta mzizi umeinua bomba, na chini yake jiwe la matumbawe limelikwaruza mpaka likapasuka.

Fundi wa kwanza alifunga tyubu ya baiskeli. Ilidumu siku tatu. Tyubu ni ya kuvusha usiku tu. Bomba la plastiki gumu likatwe pande zote mbili za ufa, lipigwe msasa, likaushwe kabisa, ndipo gundi na soketi. Gundi haishiki kwenye maji, kwa hiyo funga koki ya nje na usiwe na haraka. Bomba la mpira mweusi halishiki gundi kabisa, linataka viungio vya kukaza. Kama lako ni la chuma la zamani, lililoliwa na chumvi, usihangaike na kiraka. Ukiziba hapa litatoboka pale. Liache humo humo ardhini, upitishe jipya pembeni, mbali na mti.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: maji ya Baricho, yanayotujia kwa mfereji, yakikatika, bomba linabaki bila nguvu, na kilicho nje kinaingia kupitia ufa ule ule. Kama shimo la choo liko karibu na njia ya bomba lako, chemsha maji ya kunywa kuanzia leo, na baada ya matengenezo uyaache yatiririke hadi yawe safi.

Mtaro uwe wa futi moja na nusu, zaidi ya hapo panapopita gari. Tandika mchanga uliochekechwa chini na juu ya bomba, jiwe lisiliguse. Usikubali fundi afukie jioni ile ile; maji yalale ndani ya bomba usiku mzima mtaro ukiwa wazi, kwa sababu usiku watumiaji ni wachache, nguvu ya maji hupanda, na kiungo kibovu hujitaja chenyewe.

Usiku wa leo soma mita, kesho utuandikie lita ngapi na bomba lako ni la aina gani.