Mkitangaziwa kutoka, nani anamchukua mtoto yupi?

Begi lililosahaulika kwenye bustani ya burudani karibu kila mara huwa na nepi, nguo za kubadilisha na chupa ya maji, na mwenyewe yuko foleni anasubiri zamu ya mwanawe. Natanguliza hilo kwa sababu sitaki mzazi yeyote aache kuwapeleka watoto kucheza kwa hofu ya begi lenye bomu. Ninachosisitiza ni kwamba kabla ya kupita getini, watu wazima mwe mmeshapatana nani anamchukua mtoto yupi na mtakutana wapi huko nje.

Sisi tulikuwa tumepatana hivyo siku walinzi walipovuta utepe kuzunguka benchi lenye begi lisilo na mtu. Mimi nilikuwa na wadogo kwenye farasi wa kuzunguka. Mume wangu na binti yetu mkubwa walikuwa upande wa pili wa bustani. Kipaza sauti kikatutaka tutoke kwa utaratibu, bila kueleza sababu. Nikambeba mdogo, nikamshika mwenzake mkono, kigari nikakiacha palepale, tukafuata watu. Sikumtafuta mume wangu, kwa kuwa nilijua naye analifuata lango lililo karibu naye na kwamba tutamkuta kwenye kibao tulichochagua asubuhi, ng'ambo ya maegesho.

Kilichonitia uchungu ni wazazi waliokuwa wakirudi ndani, wakipasua umati huku wakiita majina ya watoto wao. Siwezi kuwalaumu hata kidogo. Mzazi gani atatoka amwache mwanawe? Agosti 1973, moto uliteketeza Summerland, jengo la burudani za familia katika kisiwa cha Isle of Man, na watu 50 wakafa. Mwanasaikolojia Jonathan Sime alichunguza jinsi waliokuwemo walivyojaribu kutoka. Aliona kwamba watu huvutwa na wapendwa wao na mlango waliouzoea. Familia zilizotengana zilitafutana kwanza. Kwa hiyo kumwambia mzazi “kimbia tu” ni kazi bure. Mpe uhakika kwamba mtoto yuko mikononi mwa mtu mzima anayejulikana, naye atatoka.

Mkifika, tazameni angalau milango miwili, maana ule mlioingilia ndio kila mtu ataukimbilia. Mpige kila mtoto picha asubuhi hiyohiyo, akiwa na nguo alizovaa. Ukiulizwa na mlinzi kwa wasiwasi, hata rangi ya fulana hutaikumbuka. Namba ya simu iandike kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, chini ya shati, lakini jina lake usiliweke mahali mgeni anaweza kulisoma akamwita. Na mfundishe kwamba akipotea asimame, amtafute mfanyakazi mwenye sare au mama mwenye watoto. Kama mko juu ya mchezo unaokwenda, msifungue mikanda. Wahudumu ndio watakaousimamisha na kuwashusha.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa kuliko begi ni mkanyagano. Juni 2017 mjini Turin, Italia, watu walijaa uwanjani kutazama fainali ya mpira kwenye skrini, hofu ikazuka ghafla, na zaidi ya 1,500 wakaumia bila kuwapo bomu lolote. Ndiyo maana naomba sana: usipige kelele za “bomu”, usisambaze sauti za WhatsApp zinazosema “nimesikia”. Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, mtoto awe juu kifuani pako, nenda na mkondo wa watu huku ukisogea kidogokidogo pembeni. Kiatu kikidondoka, usikiinamie. Mtandao ukizidiwa, ujumbe mfupi hupenya pale ambapo simu haipiti.

Ukiona begi, usiliguse wala kulifungua. Nchini Uingereza wafanyakazi wa maeneo ya umma hufundishwa kujiuliza maswali matatu: je, limefichwa? Je, lina dalili za wazi za hatari, kama nyaya au betri? Je, ni la kawaida kwa mahali hapo? Begi lililoachwa wazi chini ya benchi penye watoto kwa kawaida ni mali iliyosahaulika. Hata hivyo mwite mlinzi, na mwonyeshe lilipo.

Begi la siku ile lilikuwa limesahauliwa tu. Usiku ule mtoto wetu wa katikati aliuliza kama watu wabaya walikuja. Nilimjibu kwamba walinzi waliona begi wasilolijua, wakatutoa nje wakalikagua, wakakuta ni nguo. Aliuliza tena mara nyingi siku zilizofuata, nami nikamjibu vilevile kila mara. Mjibu hivyo na wako. Ukimwambia “hakuna kitu” ilhali alikuona ukitweta na kumbana kifuani, ataacha kukuuliza, na hofu yake hutaijua.